Linda vya seva kabla hujaandika --delete

Amri yenyewe ni ya mstari mmoja:

    rsync -av --delete ~/kazi/tovuti/ mimi@seva:/var/www/tovuti/

Ukibonyeza Enter, rsync inapeleka kilichobadilika kwenye kompyuta yako, na huko kwenye seva inafuta kila faili ambalo kwako halipo. Haikuulizi kama una hakika, na hakuna pipa la taka la kwenda kuchakura baadaye. Picha za bidhaa ambazo mwenye duka alizipandisha jana usiku kwa simu yake, na ambazo hazijawahi kufika kwenye laptop yako, kwa rsync ni mabaki tu. Zitaondoka pamoja na mabaki mengine.

Programu haijakosea. Maana ya --delete ndiyo hiyo: mpokeaji afanane na chanzo, asizidishe kitu. Tabu ni kwamba mpokeaji naye huwa na vitu vyake, vilivyozaliwa hukohuko, na rsync haina njia ya kuvijua mpaka uiandikie. Mwongozo huu unahusu namna ya kuiandikia. Nitatumia mfano wa tovuti ndogo ya WordPress, kwa kuwa ndipo wengi wanapoumia, lakini kanuni ni zilezile ukiwa unasawazisha diski mbili za nje au folda ya hesabu za ofisi.

Kwanza jiulize kama unaihitaji

Bila --delete, rsync haifuti faili la mpokeaji hata moja. Watu wengi huinakili amri yote jinsi walivyoikuta mahali, na --delete ikiwa imo, ilhali kazi yao ni kupeleka mafaili mapya tu. Kama folda ya mpokeaji ikibaki na mafaili mawili matatu ya zamani haidhuru kitu, liondoe neno hilo na utakuwa umemaliza nusu ya mwongozo huu.

Ila usichanganye kufuta na kuandika juu. Hata bila --delete, faili la seva lenye jina sawa na la kwako litafunikwa na la kwako iwapo ukubwa au tarehe ya kubadilishwa vinatofautiana. Haijalishi la seva ndilo jipya zaidi. Ukitaka mafaili yote yaliyopo kwa mpokeaji yasiguswe, ongeza --ignore-existing: yanapelekwa yale tu ambayo kule hayapo. Ukitaka yasiguswe yale yenye tarehe mpya kuliko ya kwako, tumia --update, au -u kwa kifupi. Hakuna hata moja kati ya haya mawili linalozuia --delete kufuta. Ni milango miwili tofauti, na kila mmoja una komeo lake.

Ukiona bado unaihitaji --delete, na mara nyingi utaihitaji, maana mafaili mafu ya programu yakiachwa kwenye seva huweza kuwa uchochoro wa wahuni, basi punguza eneo. Kinga bora kuliko zote ni kutoisawazisha folda kubwa wakati kazi yako ni ya folda ndogo. Kwenye WordPress, kitu unachokiandika kwa mkono wako kwa kawaida ni mandhari ya tovuti, yaani folda moja ndani ya wp-content/themes. Peleka hiyo:

    rsync -av --delete ~/kazi/tovuti/wp-content/themes/duka/ mimi@seva:/var/www/tovuti/wp-content/themes/duka/

Hapo --delete haina macho ya kuona nje ya folda ya duka. Picha zipo salama, mipangilio ipo salama, na huhitaji kanuni yoyote ya ulinzi. Kumbuka pia kwamba WordPress yenyewe, tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, hujisasisha kimyakimya kwa marekebisho madogo. Kwa hiyo hata mafaili ya msingi ya programu, ambayo ungedhani ni yako, seva inayaandika bila kukuaga. Ukisawazisha tovuti nzima kutoka kwenye laptop yenye toleo la miezi iliyopita, unairudisha seva nyuma na kurejesha matundu ambayo ilikwisha kuyaziba.

Mkwaju wa mwisho

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Kwenye rsync, alama ya mkwaju mwishoni mwa chanzo hubadilisha maana ya amri nzima. Ukiandika ~/kazi/tovuti/ umesema: chukua vilivyomo ndani ya folda. Ukiandika ~/kazi/tovuti bila mkwaju umesema: chukua folda yenyewe na jina lake. Kwa upande wa mpokeaji mkwaju hauna uzito huo.

Sasa tazama amri hizi mbili:

    rsync -av --delete ~/kazi/tovuti mimi@seva:/var/www/
    rsync -av --delete ~/kazi/tovuti/ mimi@seva:/var/www/

Ya kwanza inaisawazisha /var/www/tovuti na kuziacha folda jirani zikiwa nzima. Ya pili inataka /var/www yenyewe ifanane na tovuti yako moja, kwa hiyo tovuti nyingine zote zinazokaa kwenye seva hiyo zinafutwa. Tofauti ni herufi moja. Binafsi huandika mkwaju pande zote mbili na jina kamili la folda pande zote mbili, ili nikiitazama amri nione majina mawili yanayolingana: tovuti/ kwenda tovuti/. Yasipolingana, kuna jambo.

Kuna na wale wanaoandika nyota, ~/kazi/tovuti/*, wakidhani ni sawa na mkwaju. Si sawa. Nyota hufunguliwa na shell yenyewe kabla rsync haijaanza kazi, ikawa umepeleka orodha ya vitu badala ya folda. Matokeo yake ni nusu chai nusu maji: masalia ya ngazi ya juu hayafutwi, ya ndani ya folda ndogo yanafutwa, na mafaili ya ngazi ya juu yanayoanza na nukta hayapelekwi kabisa.

Igiza kabla ya kutenda

Chaguo la -n, ambalo kwa urefu ni --dry-run, huifanya rsync ipige hesabu zote na kutangaza matokeo bila kugusa kitu. Lichanganye na -i ili kila mstari ueleze kinachotokea:

    rsync -ain --delete ~/kazi/tovuti/ mimi@seva:/var/www/tovuti/

Utapata mistari ya namna hii:

    *deleting   wp-content/uploads/2023/05/zulia-04.jpg
    <f.st...... wp-content/themes/duka/style.css
    <f+++++++++ wp-content/themes/duka/oda.php

Wa kwanza ni faili litakalofutwa kwenye seva. Wa pili ni faili linalopelekwa kwa sababu ukubwa (s) na tarehe (t) vimetofautiana. Wa tatu, wenye misalaba mitupu, ni faili jipya kule. Kwenye tovuti kubwa orodha itakimbia kama gari la mwendokasi, kwa hiyo chuja:

    rsync -ain --delete ~/kazi/tovuti/ mimi@seva:/var/www/tovuti/ | grep '^\*deleting'

Soma kila mstari unaotoka hapo. Ukiona jina usilolijua, hilo ndilo faili lililozaliwa kwa mpokeaji, na orodha hii ndiyo itakayokuambia kanuni gani uandike. Faida yake nyingine ni kwamba igizo hutumia data kidogo mno. rsync ilibuniwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia mwaka 1996 kwa ajili ya laini za polepole, na mpaka leo hubadilishana orodha kwanza ndipo ipeleke tofauti peke yake. Anayepimiwa bando hana sababu ya kuliruka igizo.

Kuengua na kulinda ni mambo mawili

Dawa inayojulikana sana ni --exclude. Watu huitumia kwa kusema "hili usilipeleke". Wachache wanajua kwamba inafanya kazi ya pili kimyakimya: kilichoenguliwa hakionekani kwenye chanzo, na papo hapo kimekingwa kwa mpokeaji kisifutwe. Kwa hiyo amri hii:

    rsync -ai --delete --exclude='/wp-config.php' --exclude='/.htaccess' --exclude='/.well-known/' ~/kazi/tovuti/ mimi@seva:/var/www/tovuti/

haipeleki wp-config.php ya laptop yako, ambayo ina nywila ya hifadhidata ya majaribio, wala haiifuti ya seva, yenye nywila halisi. Hivyo hasa ndivyo unavyotaka. Faili la .htaccess nalo WordPress huliandika yenyewe pindi mtu anapobadili muundo wa viungo, na .well-known ni folda inayotumiwa na Let's Encrypt kuhakiki kwamba kikoa ni chako. Vyote vitatu ni mali ya seva. Engua.

Ujanja huo hudumu mpaka mtu aongeze --delete-excluded. Chaguo hilo huondoa ile kazi ya pili: kilichoenguliwa bado hakipelekwi, lakini kwa mpokeaji hakina kinga tena, kinafutwa. Lina matumizi yake, kwa mfano umegundua kwamba folda ya .git ilishapanda kwenye seva na unataka iondoke. Ila ukiliweka kwenye amri yenye kuengua wp-config.php, umeiangusha tovuti ya mteja.

Sasa chukua hali ngumu zaidi. Folda ya uploads inaandikwa na watu wawili: wewe unapeleka picha za bango kutoka kwenye laptop, na mwenye duka anapandisha picha za bidhaa kutoka kwenye simu. Ukiiengua, za kwako haziendi. Usipoiengua, za kwake zinafutwa. Hapo ndipo inapohitajika kanuni ya kulinda, ambayo huandikwa kwa herufi P ndani ya --filter:

    --filter='P /wp-content/uploads/***'

P haihusiki na kupeleka. Inasema jambo moja: kinacholingana na ruwaza hii kisifutwe kwa mpokeaji. Na kwa kuwa ni kanuni ya upande wa mpokeaji peke yake, hata --delete-excluded haiigusi.

Zitazame hizo nyota tatu, kwa sababu makosa mengi yanalala hapo. Mtu huandika P /wp-content/uploads/ akaridhika, kwa kuwa jina la folda limetajwa. Kwa kuengua ingetosha: folda ikienguliwa, rsync haiingii kabisa, na vilivyomo vinabaki. Kwa kulinda haitoshi. Folda ya uploads ipo kwenye chanzo, kwa hiyo rsync inaingia ndani yake kulinganisha, na kila faili la ndani linapimwa peke yake. Ruwaza yenye jina la folda tu hailingani na uploads/2023/05/zulia-04.jpg, basi picha hiyo inafutwa ingawa folda yake "imelindwa". Nyota tatu baada ya mkwaju humaanisha folda yenyewe na vyote vilivyomo, hadi chini kabisa. Ukiwa na shaka, endesha igizo mara mbili, bila nyota na zikiwepo, uone mistari ya *deleting inavyopungua.

Kulinda hakuzuii kuandika juu, na hili lisisitizwe. Kama kwenye laptop yako mna uploads/bango.jpg na kwenye seva mna bango.jpg nyingine aliyoipandisha mwenye duka, ya kwako itaifunika ya kwake, P au bila P. Katika mgongano wa aina hiyo rudi kwenye --update au --ignore-existing, au mgawane folda kabla hamjagombana.

Mkwaju wa mwanzo wa ruwaza nao una maana. Katika /wp-config.php, mkwaju huo si mzizi wa diski. Ni mzizi wa kinachosawazishwa. Ukiuondoa, ruwaza italinganishwa na faili lolote lenye jina hilo popote lilipo. Na ukisahau ule mkwaju wa mwisho wa chanzo tuliouzungumza, mzizi unasogea: sasa ruwaza sahihi ni /tovuti/wp-config.php, na ile ya awali hailindi chochote. Haitatoa hata onyo.

Kanuni zikizidi tatu, zitoe kwenye amri uziweke kwenye faili, tuliite linda.txt:

    - /wp-config.php
    - /.htaccess
    - /.well-known/
    - /.git/
    - /.chanzo-halisi
    P /wp-content/uploads/***

Alama ya kutoa ni kuengua. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshika, hivyo mpangilio ni muhimu. Lililo hapo kwa jina la .chanzo-halisi nitalieleza sasa hivi.

Chanzo kitupu

Ajali mbaya kuliko zote haitokani na kanuni. Inatokana na chanzo ambacho hakina kitu. Mathalani diski ya nje hukaa /mnt/diski, na kila usiku cron huisawazisha kwenda diski ya pili. Usiku mmoja waya umelegea au umeme umekatika, na diski haikupachikwa. Folda ya /mnt/diski bado ipo, ila ni tupu. rsync inaona chanzo halali kisicho na faili hata moja, nayo inamfananisha mpokeaji na utupu huo. Kama folda isingekuwepo kabisa, rsync ingelalamika na kuacha. Ni ule uwepo wake mtupu unaoidanganya.

Kwa diski, tanguliza mountpoint -q /mnt/diski || exit 1 kwenye hati yako. Njia inayofaa kokote ni kuweka faili la alama ndani ya chanzo halisi, na kukataa kuendelea lisipoonekana. Ndiyo kazi ya .chanzo-halisi.

Kisha weka ukomo. --max-delete=50 huifanya rsync isifute zaidi ya vitu 50; ukomo ukipitwa, hutoka na namba ya kosa 25, ambayo cron yako inaweza kuikamata na kukutumia barua pepe. Chagua namba inayozidi kidogo idadi unayoiona siku za kawaida. Fahamu tu kwamba ukomo hauzuii hivyo 50 vya kwanza. Ni breki ya kupunguza hasara.

rsync ina busara moja ya kuzaliwa nayo: ikikuta hitilafu ya kusoma kwenye chanzo, tuseme diski inayokufa, huahirisha ufutaji wote, kwa kuwa haiwezi kujua faili limetoweka au limeshindikana kusomeka. Usiiondoe busara hiyo kwa --ignore-errors ati kwa sababu ujumbe unakukera.

Kifutwe, lakini kisipotee

Kanuni hulinda unachokijua. Kwa usichokijua, iambie rsync isifute bali ihamishe:

    --backup --backup-dir=/home/mimi/zilizofutwa/$(date +%F)

Kila faili ambalo lingefutwa, na kila ambalo lingefunikwa, linahamishiwa kwenye folda hiyo yenye tarehe, likiwa na njia yake ileile. Njia hiyo ni ya upande wa mpokeaji, si ya kompyuta yako. Andika njia kamili iliyo nje ya folda inayosawazishwa. Ukiandika ya mkato, itahesabiwa kuanzia ndani ya folda ya mpokeaji, na safari ijayo --delete itaziona hizo nakala za akiba kuwa ni mabaki kama mabaki mengine. Kwa tovuti kuna sababu ya ziada: nakala ya faili lenye nywila isikae mahali ambapo kivinjari cha mpita njia kinaweza kuifikia.

Yote kwa pamoja:

    #!/bin/bash
    set -u
    CHANZO="$HOME/kazi/tovuti"
    MPOKEAJI="mimi@seva:/var/www/tovuti"
    [ -f "$CHANZO/.chanzo-halisi" ] || { echo "Chanzo si chenyewe, nasitisha"; exit 1; }
    rsync -ai --delete --max-delete=50 \
      --backup --backup-dir="/home/mimi/zilizofutwa/$(date +%F)" \
      --filter="merge $HOME/kazi/linda.txt" \
      "$@" "$CHANZO/" "$MPOKEAJI/"

Ile set -u si pambo. Ukikosea tahajia ya CHANZO mahali pamoja, bila set -u jina hilo lingekuwa tupu na "$CHANZO/" ingebaki kuwa mkwaju peke yake, yaani diski yako nzima. Na "$@" inakuruhusu kuiita hati ikiwa na -n mwishoni ili uigize kwanza, kisha bila -n ukisharidhika.

Folda ya zilizofutwa itanenepa, nayo inakaa kwenye diski ileile ya seva. Ipitie kila baada ya muda. Ukikuta humo kitu ambacho hakikustahili kufutwa, ongeza mstari kwenye linda.txt kabla hujakirudisha, la sivyo usawazishaji unaofuata utakiondoa tena.

Wasio na rsync

Kwenye Windows, robocopy yenye /MIR ina tabia ileile ya kufuta. Igizo lake ni /L, na kuengua folda ni /XD. Kwa hifadhi za mtandaoni, rclone imegawa kazi kwa majina mawili: rclone copy haifuti kitu kwa mpokeaji, rclone sync inafuta. Nayo ina --dry-run, --max-delete na --backup-dir, na kama ilivyo kwa rsync, ulichokiengua hakifutwi mpaka uongeze --delete-excluded. Kwa rclone, hata hivyo, folda ya --backup-dir lazima iwe kwenye hifadhi ileile ya mpokeaji. Ukiielekeza kwenye diski ya kompyuta yako, amri itakataa kuanza.